Kutoka Guam hadi Gitega: Mabadiliko ya Fundisho la Nixon chini ya Marais wa Marekani na Athari Zake Burundi, 1969–2025

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi fundisho moja la sera ya nje ya Marekani, lile lililotangazwa na Rais Richard Nixon kisiwani Guam mwaka 1969, lilivyobadilika mikononi mwa marais waliomfuata hadi likawa njia ya kawaida ya Washington kushughulika na migogoro ya Afrika. Kiini cha fundisho hilo ni kwamba Marekani hutoa fedha, silaha na mafunzo, ilhali nchi inayohusika, au jirani zake, hutoa watu. Mifano imechukuliwa Burundi, hususan Gitega na Muyinga. Hoja kuu ni kwamba maneno ya fundisho yalibaki karibu vilevile, ila kazi yake ilibadilika mara nne: liliwahi kuwa kisingizio cha kunyamaza, likawa kizuizi, likawa biashara ya mafunzo, na mwishowe likabaki dai lisilo na malipo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 29 Aprili 1972, Ntare wa Tano, mfalme wa mwisho wa Burundi, aliuawa mjini Gitega, mji uleule uliokuwa makao ya wafalme waliomtangulia. Siku hiyohiyo uasi ulizuka kusini, kandokando ya Ziwa Tanganyika, na serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyowalenga Wahutu waliosoma: walimu, wauguzi, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, mapadri. Warundi huyaita mauaji hayo Ikiza. Makadirio ya waliokufa huwekwa kati ya 100,000 na 300,000. Mwanzoni mwa mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki kando ya mto Ruvubu, mkoani Karusi, kati ya Gitega na Muyinga, ikapata mabaki ya watu zaidi ya 6,000.

Mtafiti anayefungua nyaraka za kidiplomasia za mwaka huo hukutana na jambo la kushangaza. Ubalozi wa Marekani mjini Bujumbura ulijua. Taarifa zilifika Washington mapema, na kwa undani. Swali la makala haya si kwa nini Marekani haikujua, bali ni fundisho gani lililoifanya ijue na isitende, na fundisho hilo lilifikia wapi miaka hamsini baadaye, wakati askari wa Burundi walipokuwa wakifa Somalia katika vita ambavyo Marekani ilitaka vipiganwe lakini haikutaka kuvipigana yenyewe.

2.0 Kuhusu neno lenyewe

Neno "fundisho" limetumika hapa kwa maana ya kauli kuu ya sera inayohusishwa na jina la rais, kama tusemavyo Fundisho la Monroe au la Truman. Wako waandishi wanaopendelea "nadharia". Tatizo ni kwamba nadharia hueleza mambo yalivyo, ilhali kauli hizi huelekeza mambo yafanywe vipi, na zaidi ya yote huelekeza yepi yasifanywe. Fundisho si sheria wala mkataba. Halina adhabu likivunjwa. Nguvu yake imo katika kuwaambia watumishi wa serikali, kabla hawajauliza, ni mapendekezo ya aina gani yatakayosomwa na yapi yatatupwa.

Fundisho la Nixon lilitolewa tarehe 25 Julai 1969, katika mazungumzo na waandishi wa habari, na likapangwa vizuri zaidi katika hotuba yake ya Novemba mwaka huo. Lilikuwa na sehemu tatu. Marekani itaheshimu mikataba yake. Itatoa kinga ya nyuklia kwa washirika. Na pale ambapo tishio ni la aina nyingine, itatoa msaada wa kijeshi na kiuchumi lakini itatarajia nchi inayotishiwa ibebe yenyewe jukumu la kwanza la kutoa watu wa kujilinda. Muktadha ulikuwa Asia, na kwa hakika Vietnam. Afrika haikutajwa.

Ni lazima tahadhari itolewe mapema. Sidai kwamba Clinton au Obama walikuwa wakimnukuu Nixon. Ninachodai ni kwamba sehemu ile ya tatu ilipita kutoka utawala hadi utawala kama desturi ya ofisi, na kwamba Burundi, nchi ndogo isiyo na uzito mkubwa katika hesabu za Washington, huonyesha desturi hiyo waziwazi kuliko nchi kubwa ambako maslahi mengi hufunika nia.

3.0 Nixon: wengine na waseme

Mwaka 1972, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliamua kwamba shinikizo lolote lipitie kwa viongozi wa Afrika na Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Kwa maandishi, huo ulikuwa uamuzi wa heshima: Waafrika washughulikie mambo ya Afrika. Kwa vitendo, Umoja huo ulikuwa umejifunga kwa kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani. Katibu Mkuu wake, Diallo Telli, alifika Bujumbura mwezi Mei akatangaza mshikamano na serikali. Mobutu alikwisha kumsaidia Micombero kijeshi. Jukumu lilikabidhiwa kwa watu ambao tayari walikuwa wamelikataa.

Wako waliosema kwamba Marekani haikuwa na njia nyingine ya kushinikiza. Dai hilo halisimami. Uchunguzi wa wakfu wa Carnegie, uliochapishwa mwaka 1973, ulionyesha kwamba Marekani ilikuwa mnunuzi wa takriban asilimia 80 ya kahawa ya Burundi, na kahawa ndiyo iliyokuwa msingi wa mapato ya nchi kutoka nje. Ilikuwepo njia, tena isiyohitaji askari hata mmoja.

Nyaraka zilizochapishwa baadaye na Wizara yenyewe zina ukurasa ambao haufai kuachwa. Mwezi Septemba 1972, baada ya kuletewa waraka ulioeleza kuwa Marekani haina maslahi makubwa Burundi, Nixon aliandika pembeni kwa mkono wake maneno makali ya kuilaani Wizara kwa ubaridi wake mbele ya msiba mkubwa hivyo. Rais alikasirishwa na watumishi waliokuwa wakitekeleza mantiki ya fundisho lake mwenyewe. Baadhi ya wasomi huusoma ukurasa huo kama ushahidi wa huruma yake. Mimi nausoma kama ushahidi wa jinsi fundisho linavyoweza kumshinda aliyelitunga, kwani hasira ile haikugusa ununuzi wa kahawa.

Kipindi kinachofuata kinaweza kupitwa haraka. Carter alileta lugha ya haki za binadamu, Reagan akaelekeza macho na silaha Angola, na Burundi ya Jean-Baptiste Bagaza haikupata nafasi kubwa kwa yeyote kati yao. Mauaji ya Ntega na Marangara ya Agosti 1988, kaskazini, jirani na Muyinga, ndiyo yaliyoirudisha Burundi katika mijadala ya Washington.

4.0 Clinton: siku kumi na nane

Tarehe 3 Oktoba 1993, mapigano ya Mogadishu yalianza, na Wamarekani 18 wakauawa. Tarehe 21 Oktoba, wanajeshi wa Burundi walimuua Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa mwezi Juni mwaka uleule. Kati ya matukio haya mawili zimo siku kumi na nane. Katika siku hizo Marekani ilikwisha kuamua kwamba haitaingia tena katika mgogoro wa Kiafrika kwa askari wake, na Burundi ikawa nchi ya kwanza kuingia msibani baada ya mlango kufungwa.

Kibimba, mkoani Gitega, makumi ya wanafunzi Watutsi walichomwa moto wakiwa hai. Mnara wa kumbukumbu umesimama hadi leo kando ya barabara. Jeshi nalo liliwaua raia Wahutu kwa kulipiza kisasi katika mikoa kadhaa. Kutoka Muyinga watu walivuka Kobero kuingia Ngara, Tanzania, sehemu ya wimbi la mamia ya maelfu ya wakimbizi.

Mwezi Mei 1994, wakati mauaji ya kimbari ya Rwanda yakiendelea, Clinton alitia saini Agizo la Rais Namba 25, lililoweka masharti magumu kabla ya Marekani kuunga mkono operesheni yoyote ya Umoja wa Mataifa: maslahi ya taifa, kikomo cha muda, gharama, na mengineyo. Hapa fundisho lilibadilika kazi. Kwa Nixon lilikuwa kauli ya jumla iliyoruhusu kunyamaza. Sasa lilikuwa orodha ya masharti iliyozuia hata wengine wasitumwe, kwa kuwa kura ya Marekani katika Baraza la Usalama ilitegemea masharti hayo.

Lakini ni Burundi hiyohiyo iliyoizalia Washington wazo jipya. Tarehe 20 Julai 1996, zaidi ya watu 300, wengi wao Watutsi waliokimbia makwao, waliuawa katika kambi ya Bugendana, mkoani Gitega. Siku tatu baadaye Rais Sylvestre Ntibantunganya alipokwenda kwenye maziko alipigwa mawe, akakimbilia nyumbani kwa balozi wa Marekani. Tarehe 25 Julai, Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka. Rais wa nchi aliishi miezi mingi katika nyumba ya balozi wa dola ambayo haikuwa tayari kutuma kikosi. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa mpaka kati ya hifadhi na ulinzi.

Mwezi Oktoba mwaka huo, Waziri Warren Christopher alipendekeza Kikosi cha Afrika cha Kukabili Dharura, na hofu ya Burundi kuwa Rwanda ya pili ndiyo iliyokuwa nyuma ya pendekezo hilo. Askari wangekuwa Waafrika. Mafunzo, vifaa na sehemu ya gharama vingekuwa vya Marekani na washirika wake. Pendekezo lilipokewa kwa baridi barani, Nelson Mandela akiwemo, hivyo mwaka 1997 likapunguzwa kuwa mpango wa mafunzo tu. Maneno ya Guam yalikuwa yamefika Afrika katika umbo kamili: watu wenu, fedha zetu.

Kazi ya siasa yenyewe ilifanywa na jirani. Mwalimu Julius Nyerere aliongoza upatanishi hadi kifo chake Oktoba 1999, na nchi za eneo ziliiwekea serikali ya Buyoya vikwazo kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999. Marekani ilikuwa na mjumbe maalumu, Howard Wolpe, aliyewahi kuongoza kamati ndogo ya Bunge kuhusu Afrika, naye alikuwa mtu wa kazi. Tarehe 28 Agosti 2000, Clinton alihudhuria mwenyewe utiaji saini wa Mkataba wa Arusha. Kwa upande huu fundisho lilizaa matunda, na haki itendeke kwa kusema hivyo: vikwazo vya majirani viliiuma Bujumbura kuliko tamko lolote la Washington, kwa sababu mafuta na bidhaa vilipita kwao.

5.0 Bush: Muyinga na njia ya Mogadishu

Baada ya Septemba 2001, George W. Bush aliupanua mpango wa mafunzo. Ule wa Clinton ulihusu ulinzi wa amani wa kawaida; mpya uliongeza mbinu za kupambana. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulipotuma Burundi operesheni yake ya kwanza ya amani, yenye askari wa Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji, Burundi ilikuwa mpokeaji. Miaka minne baadaye, Desemba 2007, ilikuwa mtoaji: batalioni yake ya kwanza iliwasili Mogadishu kujiunga na Waganda katika AMISOM. Mji ambao Wamarekani waliukimbia, na kwa kuukimbia wakaiacha Burundi ya 1993, sasa ulilindwa na Warundi waliofunzwa kwa fedha za Marekani. Umoja wa Ulaya ulilipa posho.

Jeshi lililotumwa huko lilikuwa tunda la Arusha. Wanajeshi wa zamani na wapiganaji wa msituni walikuwa wamechanganywa katika jeshi moja kwa uwiano wa kikabila uliokubaliwa, na utumishi wa nje uliwasaidia kuwa kitu kimoja. Posho ilijenga nyumba na kulipa ada za shule. Kwa mkulima wa Gitega, mwana aliyekwenda Somalia alikuwa rasilimali ya familia.

Upande wa pili wa sarafu uko Muyinga. Mnamo Julai na Agosti 2006, watu waliotuhumiwa kuwa wafuasi wa kundi la waasi la FNL walizuiliwa katika kambi ya kijeshi ya Mukoni; wengi wao waliuawa na miili yao ikatupwa mtoni Ruvubu. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani wanajeshi kadhaa, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Sheria ya Marekani, ile inayobeba jina la Seneta Leahy, hukataza msaada kwa vikosi vilivyokiuka vibaya haki za binadamu. Sheria hiyo hukagua kikosi kimojakimoja. Fundisho, kwa upande wake, huhesabu idadi ya askari wanaopatikana. Batalioni ya kwanza ilipaa mwaka mmoja na miezi michache baada ya Mukoni.

6.0 Obama: mkono mmoja ukiadhibu

Mjini Accra, Julai 2009, Barack Obama alisema kwamba mustakabali wa Afrika uko mikononi mwa Waafrika, na kwamba bara linahitaji taasisi imara kuliko watu wenye mabavu. Kauli hiyo iliongeza sharti la kimaadili juu ya mgawanyo wa kazi wa zamani. Burundi ndiyo iliyoipima.

Aprili 2015, chama tawala kilimteua Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Maandamano yalizimwa, jaribio la mapinduzi la tarehe 13 Mei likashindwa, na baada ya muda wakimbizi walizidi 400,000. Tarehe 22 Novemba 2015 Obama alitia saini Amri ya Kiutendaji Namba 13712, iliyoitangaza hali ya Burundi kuwa dharura ya kitaifa kwa Marekani na kuwawekea vikwazo watu wanne, wawili wa upande wa serikali na wawili wa jaribio la mapinduzi. Kuanzia Januari 2016 Burundi iliondolewa pia katika mpango wa AGOA wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Mafunzo ya kijeshi yalisimamishwa.

Lakini askari takriban 5,400 wa Burundi, wa pili kwa wingi baada ya Uganda, walibaki Somalia, na hakuna aliyetaka waondoke. Mwezi Juni 2015, katikati ya msukosuko wa Bujumbura, Al-Shabaab ilishambulia kambi yao ya Leego na kuua makumi. Washauri wa sera wanapaswa kuitazama kwa makini hali hii. Anayetoa watu hupata uzito ambao mtoa fedha hakuukusudia. Umoja wa Ulaya ulipokataa kupitisha posho katika hazina ya serikali, Gitega na Bujumbura zikawa na familia zisizolipwa kwa miezi, na Januari 2017 serikali ikatishia kuondoa vikosi vyote. Suluhu ilipatikana upesi. Fundisho lililotungwa ili kumpunguzia mkubwa mzigo lilikuwa limempa mdogo kamba ya kuvutia.

7.0 Trump, Biden, Trump

Donald Trump aliirefusha dharura ya Obama kila Novemba katika muhula wake wa kwanza. Desemba 2018 mshauri wake John Bolton alitangaza kuwa Marekani haitagharamia tena operesheni za amani ilizoziona hazina tija. Wakati huohuo Burundi iliutangaza mji wa Gitega kuwa makao makuu ya kisiasa. Ubalozi wa Marekani ulibaki Bujumbura. Joe Biden aliufuta uamuzi wa vikwazo tarehe 18 Novemba 2021, akitaja uchaguzi wa 2020 uliomleta Évariste Ndayishimiye na mageuzi yake. Miezi sita baadaye, Mei 2022, kambi ya Warundi ya El Baraf ilishambuliwa, na wengi wakafa.

Mwanzoni mwa 2025 operesheni ya Umoja wa Afrika nchini Somalia ilipopewa umbo jipya, Burundi haikuwemo. Mwaka huohuo mambo yalikwenda kasi. Tarehe 20 Januari Trump alisimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi. Muyinga huijua maana ya hatua hiyo kwa namna ambayo miji mingi haiijui, kwa kuwa kambi ya Kinama, Gasorwe, ina Wakongomani wazungumzaji wa Kiswahili ambao kwa miaka mingi walisubiri kuhamishiwa Marekani. Juni, raia wa Burundi waliwekewa vizuizi vya viza. Julai, shirika la USAID lilifungwa. Sehemu ya kwanza ya mgawanyo wa kazi, yaani fedha, ilikuwa imeondolewa. Sehemu ya pili, yaani watu, bado ilitarajiwa.

Mfano uko Kongo. Tangu 2022 askari wa Burundi wako Kivu ya Kusini kwa makubaliano na Kinshasa. Hawako chini ya mpango wa mafunzo wa Marekani, wala hawana posho ya Ulaya. Tarehe 4 Desemba 2025, marais wa Kongo na Rwanda walitia saini mjini Washington mapatano yaliyosimamiwa na Trump, yakiambatana na makubaliano ya kiuchumi kuhusu madini. Marekani haikuahidi askari wa kuyalinda. Siku chache baadaye M23 iliingia Uvira, ng'ambo ya ziwa kutoka Bujumbura, na makumi ya maelfu ya Wakongomani wakavuka kuingia Burundi. Wengi wao walipelekwa Busuma, Ruyigi, katika mkoa mpya wa Buhumuza, ambao tangu mageuzi ya mipaka ya 2025 unajumuisha pia Muyinga.